Bagi ya Zamani Ikigoma: Tafuta Kwanza Kilichoondolewa

Bagi nyingi za zamani (yale magari madogo ya wazi ya mchangani) zinazouzwa Dar, ukizivua bodi ya faiba unakuta Volkswagen Beetle imelala chini yake. Mtindo huu ulianzia Marekani: mwaka 1964 Bruce Meyers alitengeneza huko California bodi nyepesi ya kukimbilia mchangani, akaiita Meyers Manx, na watu wa nchi nyingi wakaiga. Unachukua Beetle iliyochoka, unatoa bodi ya bati, unafupisha chasisi, unavalisha faiba. Injini inabaki nyuma, silinda nne zimelala, mbili huku na mbili huku, na inapozwa kwa upepo wa feni. Haina rejeta wala tone la maji.

Mashine yenyewe si ya kudharau. Beetle ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo matope ya masika hayakuwa na huruma na mtu. Kinachoponza bagi ni mkono uliokuja baadaye. Beetle ilitoka kiwandani. Bagi ilitoka uani kwa mtu, na mtu huyo alikuwa na grinda, haraka, na boksi la vipuri alivyoamua havina kazi. Ndiyo maana bagi inapogoma siulizi kwanza kipi kimekufa. Nauliza kipi kiliondolewa. Mara nyingi jibu liko hapo, na ni rahisi kuliko injini mpya.

Kabla ya kutoa hela

Lala chini mwenyewe. Usimtume mtu, na usiridhike na video ya WhatsApp.

"Hii chuma ya Mjerumani bosi, haifi," dalali atakwambia, huku injini tayari ina moto. Mwambie utarudi kesho asubuhi na isiwashwe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kuja inaficha ugumu wa kuwaka, moshi wa asubuhi na valvu zinazopiga kelele.

Anza na namba ya chasisi. Kwenye Beetle imegongwa juu ya mgongo wa katikati ya sakafu, kule nyuma palipokuwa na siti ya abiria. Ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesagwa, imefunikwa kwa kibati, au kadi "iko kwa shangazi Tanga", shika njia. Hakuna fundi wa kukutibia namba isiyosomana na kadi, na utakwama siku ya kuhamisha umiliki TRA.

Kisha tazama palipokatwa. Beetle ina sentimita 240 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Manx ilifupishwa inchi 14 na robo, yaani sentimita 36 hivi, kwa hiyo bagi ya vipimo hivyo utaipata karibu na 204. Ndani ya ule mgongo wa katikati kumepita bomba la mafuta, mabomba ya kebo ya klachi na ya eksileta, na fimbo ya gia, na vyote vilikatwa na kuungwa upya. Uchomeleaji mzuri unaonekana kama mstari mmoja uliozama. Mbaya una vidonge vidonge, na mara nyingi umepakwa lami nyeusi nene ili usiuone. Chukua uzi, pima mshazari kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, hiyo bagi itatembea kiubavu na itakula tairi mpaka uiuze.

Kutu ndiyo kodi ya kuishi pwani. Bisibisi butu inatosha: gonga sakafu yote, hasa pale betri inapokaa, nyuma upande wa kulia, na kichwa cha chasisi panapofungwa bimu ya mbele. Sauti ya bati zima unaijua. Faiba haishiki kutu, na hilo ndilo tatizo: juu panang'aa, chini pameisha.

Mwisho nenda kwenye injini. Shika puli ya krenki (shafti kuu ya injini) kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma. Mchezo unaoruhusiwa ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, kiasi ambacho mkono hausikii. Ukisikia "klok", krenki inasafiri na injini itafunguliwa yote, basi bei ishuke kwa kiasi hicho. Pima na kompresheni, plagi zote zikiwa nje na eksileta imekanyagwa hadi chini. Injini nzuri hutoa paundi 100 hadi 130, lakini mimi natazama zaidi tofauti. Silinda tatu zikiwa 115 na moja 70, hiyo moja ina hadithi.

Hesabu pia boliti za rimu. Tano zilizoachana sana ni za enzi ya kabla ya 1968, nne ni za baadaye. Usinunue rimu za bei poa kabla ya kuhesabu.

Stata iko kimya, au inatoa "tik" moja

Betri na vichwa vyake utavitazama bila kuambiwa. Kitakachokupita ni utepe wa waya wa kusuka unaofunga giaboksi kwenye chasisi. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila utepe huo umeme wa stata hauna njia ya kurudi. Utajitafutia njia kupitia kebo ya klachi au ya eksileta. Dalili yake ni ya ajabu ukiiona mara ya kwanza: unawasha, kebo inapata moto, pengine hata moshi unatoka kwenye pedeli. Watu wamebadilisha stata mbili kwa sababu ya utepe ambao mjenzi aliusahau sakafuni.

Kama asubuhi inawaka na ikishapata moto inatoa "tik" tu, umeme unafika kwenye solenoidi (swichi ya stata) ukiwa umechoka. Waya mwembamba umetoka nyuma, umekwenda mbele kwenye swichi ya funguo, umerudi tena nyuma, na kila kiungio kimekula volti. Weka rilei karibu na stata, ipate umeme mnene moja kwa moja kutoka betri, na ule waya wa zamani ubaki kuiamsha tu. Fundi umeme yeyote anaifanya kabla ya chai ya saa nne.

Stata ikizunguka kwa kukwaruza na kujivuta huku betri ni nzima, muulize fundi kuhusu bushi. Kwenye stata za zamani ncha ya shafti inaegemea bushi ndogo iliyokaa kwenye giaboksi yenyewe, si kwenye stata. Ukibadilisha stata bila bushi, ugonjwa umebaki kitandani.

Stata inazungusha, injini haishiki

Tenganisha moto na mafuta. Chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, iguse kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mtu azungushe stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche ya njano nyembamba au kutokuwepo kabisa kunakupeleka kwenye pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa (kigawa cheche). Bagi iliyosimama miezi kadhaa kwenye unyevu wa Dar, pointi zake huota utando ambao jicho halioni. Pitisha kipande cha kadi ngumu katikati yake, kisha weka nafasi ya milimita 0.4. Kama zinawaka cheche nyingi zenyewe na zimechimbika, kondensa imechoka.

Injini ikipiga risasi kupitia kabureta, usikimbilie taimingi (wakati wa kupiga cheche). Tazama kwanza kama mtu amechanganya waya za plagi. Mpangilio ni 1-4-3-2, namba 1 na 2 ziko kulia, 3 na 4 kushoto, na katika kila upande namba ndogo ndiyo iliyo mbele, kuelekea dereva.

Upande wa mafuta, chomoa hozi ya kabureta, ielekeze kwenye chupa, zungusha. Ikitoka kwa kuruka ruka kila pampu inapopiga, pampu ni nzima. Isipotoka, kabla ya kununua pampu rudi kwenye tangi. Tangi la bati lililokaa nusu tupu linatoka jasho kwa ndani na kutoa unga mwekundu unaoziba chujio. Safisha, weka chujio la kuona, na uliweke mbele karibu na tangi, usilining'inize juu ya distributa kama ilivyozoeleka.

Hili nalisemea kwa mkazo. Distributa ina cheche, hozi ya zamani ya kitambaa inapasuka kwa joto, na kile kimrija cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta kimesukumizwa tu, kikilegea kinachomoka. Kreki ya Beetle, yaani nyumba ya injini, ni aloi ya magnesi. Ikishika moto sawasawa, maji yanauchochea. Badilisha hozi zote siku unayonunua, hata kama zinaonekana nzima, funga klipu kila kiungio, na weka kizimamoto cha unga mahali mkono unapofika bila kufungua kitu.

Asubuhi safi, kwenye foleni inazima

Unatoka Kigamboni bila wasiwasi, unafika Mwenge saa kumi na moja jioni, inakohoa mara mbili, kimya. Ukikaa nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea.

Mafuta yamegeuka mvuke. Mjenzi wa bagi alipobadilisha ekzosi akapitisha bomba la mafuta karibu nayo, na kwenye mwendo upepo ulikuwa unaficha kosa. Jaribu hivi: weka tambara lililolowa maji juu ya pampu ya mafuta na bomba lake, subiri kidogo, washa. Ikishika, hamisha bomba mbali na ekzosi, hakikisha kile kipande kinene cha bakelaiti kipo chini ya pampu kuizuia isipokee joto la kreki, na tatizo limekwisha.

Tambara lisiposaidia, gusa koili. Koili inayokufa kwa joto huwa haishikiki, na cheche hupotea mpaka ipoe. Kopa ya gari jingine la volti 12 ujaribu kabla ya kununua.

Haikai sailensi, au inajikwaa ukikanyaga

Kwenye kabureta za miaka ya mwisho kuna kisolenoidi kidogo kinachofungua njia ya mafuta ya sailensi (injini ikiunguruma polepole bila kukanyagwa). Washa funguo bila kuwasha injini, chomoa na kuchomeka waya wake: lazima kitoe "tik". Kikiwa kimya, ama hakina umeme ama kimekufa, na injini itazima kila ukiachia eksileta hata ukipinda skrubu zote za kabureta. Kabla ya kugusa skrubu yoyote fanya hilo.

Kikiwa kizima, jeti ya sailensi imeziba. Tundu lake ni dogo kuliko punje ya mchanga wa Kunduchi. Itoe, ipulize kwa hewa. Usiichokonoe kwa waya, maana ukilipanua tundu umeua vipimo.

Sailensi inayopanda na kushuka yenyewe ni hewa ya wizi. Injini zenye matundu mawili ya kuingiza hewa kila upande zina viungio vya mpira kwenye manifoldi, navyo hupasuka. Injini ikiwa imepoa na iko sailensi, paka maji ya sabuni kwenye kiungio. Mngurumo ukibadilika, umempata mwizi.

Kujikwaa unapokanyaga kwa kutoka, halafu ikachanganya vizuri, mara nyingi ni distributa. Bagi nyingi zimefungwa Bosch 009, ambayo husogeza moto kwa mwendo tu, haina ile sahani ya vakumu. Ilipendwa kwa sababu ni rahisi, lakini na kabureta ya kawaida ya 34 PICT inaacha pengo pale mwanzo. Unaweza kupunguza kwa kurekebisha pampu ya eksileta ndani ya kabureta. Kuliondoa kabisa kunahitaji distributa yenye vakumu. Mimi ningevumilia, ila kwenye mlima wa kutokea bondeni linaudhi.

Inapata moto kupita kiasi

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia, na ndipo kanuni ya kilichoondolewa inapofanya kazi kuliko popote. Hakuna geji ya maji ya kukuonya. Dalili ni hizi: kijiti cha oili hakishikiki hata sekunde mbili, nguvu zinapungua mlimani, taa ya kijani ya oili inapepesa ikiwa sailensi, na ukizima funguo injini inaendelea kujipiga piga.

Tazama mabati. Feni inavuta hewa na kuisukuma ndani ya nyumba yake, na mabati meusi yaliyozunguka silinda ndiyo yanayoilazimisha hewa hiyo ipite kwenye mapezi yote, juu hadi chini. Mjenzi aliyaona machafu, akayatupa ili injini ing'ae. Bila mabati upepo unamwagika pembeni, na upande wa chini wa silinda unajipikia wenyewe. Utasikia eti bagi iko wazi, inapata hewa nyingi. Hewa ya barabarani haiingii kwenye mapezi. Hewa ya feni ndiyo inayopoza. Mabati hutayapata kwenye kila duka Kariakoo, ila Gerezani kwa watu wa vyuma wapo wenye kuyakunja upya ukiwapelekea la mfano. Fanya hilo kabla ya rangi, redio na taa za juu.

Kisha mkanda. Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni pamoja. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani, usiseme "betri itanifikisha". Simama pale pale, zima. Mkanda ukiwa umekatika feni imesimama, na injini ina dakika chache tu. Ukiwepo, ubonyeze katikati kwa kidole: uzame kama milimita 15. Kuukaza unapunguza washa zilizo kati ya vipande viwili vya puli ya juu, na zile ulizotoa unazifunga nje ya puli chini ya nati, ili siku ukizihitaji ziwepo. Ukikuta katikati ya puli hakuna washa hata moja, mkanda umekwisha au washa zilishapotea. Tembea na mkanda wa akiba na spana yake, kila siku.

Mabati yapo, mkanda upo, bado moto? Fungua uone kipozea oili. Mchanga uliochanganyika na oili hukauka kati ya mapezi yake ukawa kama saruji. Kwenye injini za mpangilio wa zamani kipozea hicho kinasimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda za kushoto, na ndiyo sababu silinda namba 3 hupata hewa iliyokwisha kupashwa. Tangu mwaka 1971 kilisogezwa kikapewa njia yake ya hewa, na wengi hubadilisha za zamani ziwe hivyo. Ukipata nafasi, badilisha.

Halafu taimingi. Kwa 009, pima moto wa plagi ukiwa umesogezwa wote, injini ikivuma zaidi ya mizunguko 3,000 kwa dakika: iwe kati ya nyuzi 28 na 32 za krenki. Zaidi ya hapo injini inagonga kwa ndani, na kelele za injini hii hazikuachii usikie. Kwa petroli usiyoiamini, kaa 28.

Na tapeti, yaani nafasi ya valvu. Ni milimita 0.15 kwa valvu zote, injini ikiwa imepoa kabisa. Fundi anayejua kazi utamjua hapa. Anakataa kuigusa jioni, anasema ilale. Asubuhi anabenjua waya mnene unaobana mfuniko wa valvu, anakinga oili kwa kopo la rangi, anaifikisha pistoni namba 1 juu, anapitisha fila geji kwa vidole viwili akitaka iingie kwa kujikokota kidogo tu. Akimaliza anazungusha krenki nusu mzunguko kinyume cha saa, anakuja 2, kisha 3, kisha 4. Fundi anayeseti tapeti injini ikiwa na moto "kwa sikio", mlipe chai yake na uondoke.

Rudia kila kilomita 5,000, na andika daftarini valvu gani ilikuwa imebana. Valvu moja ya ekzosi, hasa ya namba 3, ikikutwa imebana kila safari huku nyingine ziko palepale, inarefuka au kiti chake kinazama. Siku kichwa chake kikikatika kinashukia kwenye pistoni na injini imenoki. Mistari miwili ya daftari imekuonya; toa kichwa cha silinda sasa hivi.

Oili: inavuja, inaisha, inafanya moshi

Injini hii inabeba lita 2.5 tu, na oili hiyo ndiyo pia sehemu ya upoozaji. Kupungua nusu lita ni jambo zito. Haina filta ya kuzungusha, ina wavu chini unaoshikwa na nati sita ndogo. Mwaga kila kilomita 5,000. Ukiwa mtu wa mchangani, nusu ya hapo. 20W-50 inafaa kwa joto letu. Zile nati sita usizikaze kwa hasira, zinang'oa steidi zake.

Tone tone chini ya mabomba ya fimbo za valvu au kwenye mifuniko ni kawaida ya uzee, badilisha gasketi za koki utulie. Oili inayotoka pale injini inapokutana na giaboksi ni sili ya flaiwili, na itakulazimu ushushe injini. Habari njema ni kwamba inashikwa na boliti nne, watu wawili na jeki wanaishusha asubuhi.

Puli ya krenki ina siri yake. Haina sili ya mpira. Ina mfereji wa kuzunguka unaorudisha oili ndani. Barabarani unatosha. Ufukweni mchanga unaingia hapo hapo, kwenye oili, hadi kwenye beringi. Zipo puli za kufungwa sili kwa ajili ya bagi, na kama una mpango wa kwenda Kimbiji kila wikiendi, hiyo iwe juu ya orodha.

Moshi wa buluu unapokanyaga ni ringi. Unapoachia kwenye mteremko ni gaidi za valvu, ile mirija inayoongoza valvu. Kimoshi cha kuwasha asubuhi kisikutishe, injini iliyolala huacha oili kidogo ipite. Kama ringi zimekwisha mapema, toa filta ya hewa, ingiza kidole safi kwenye koo la kabureta. Kikitoka na chenga za mchanga, umempata muuaji: yale mafilta madogo ya urembo.

Taa hafifu, indiketa zinapagawa

Bodi ya bati ni waya mmoja mkubwa wa ethi. Faiba haipitishi umeme hata kidogo. Kila taa, honi, geji na indiketa inahitaji waya wake wa kurudi, na mjenzi mvivu aliunganisha tatu tano kwenye skrubu moja iliyofungwa kwenye faiba. Ukikanyaga breki indiketa inapepesa. Ukiwasha taa kubwa geji ya mafuta inapanda. Usibadilishe balbu. Chukua waya mrefu, funga ncha moja kwenye hasi ya betri, gusisha nyingine kwenye kila taa. Itakayochangamka haina ethi. Vuta waya mnene mmoja mbele na mmoja nyuma, kila kifaa kiunganishwe hapo, na vichwa vyote vipakwe grisi, maana chumvi ya pwani inageuza shaba kuwa unga wa kijani.

Klachi na gia

Gia ngumu kuingia, hasa nyuma na ya pili, usikubali neno "giaboksi" haraka. Fimbo ya gia ilikatwa wakati wa kufupisha chasisi, inapita kwenye bushi ya plastiki inayooza, na nyuma ina kiungio cha mpira. Badilisha hivyo viwili, legeza kitako cha liva, kipange upya. Klachi nzito yenye kwikwi ni bomba la kebo: nyuma linatakiwa liwe limepinda kama sentimita 3, siyo kunyooka wala kukunjika. Pedeli iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20. Kebo ya akiba ikae ndani ya gari.

Injini inavuma, gia ipo, gari haiendi, na kuna "kla-kla" ulipokuwa unarudi nyuma? Nati ya milimita 36 ya gurudumu la nyuma ililegea na meno ya dramu yamesagika. Inakazwa hadi karibu Nm 300. Nyundo na tindo hazifikishi hapo. Azima spana ndefu na bomba.

Breki na stelingi

Pedeli inayozama polepole ukiwa umeikanyaga ni masta silinda. Inayobonyea kama sponji ni hewa. Toa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Gari ikivutia upande mmoja baada ya ufukweni, silinda ya gurudumu imeganda kwa chumvi. Maji ya breki yanavuta unyevu, na huku unyevu ni wa bure, kwa hiyo yamwage yote kila mwaka. Chasisi za zamani zina mzunguko mmoja tu wa breki: hozi moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana kitu. Badilisha iwe masta ya mizunguko miwili kabla hujaipandisha Barabara ya Morogoro.

Bagi ni nyepesi mbele, hivyo magurudumu ya mbele hujifunga mapema kwenye mvua na stelingi hukosa uzito. Hilo ni umbile lake. Lakini stelingi ikitetemeka kwa kasi fulani, inua mbele, tikisa gurudumu juu na chini: king pini au boljointi, kisha shokapu ndogo ya stelingi, kisha balansi. Piga grisi chuchu zote kila ukitoka mchangani, baada ya kuosha chini kwa maji ya bomba, siku hiyo hiyo.

Kama nyuma inajiinua na kutaka kukupita kwenye kona, chungulia ekseli. Zile zenye kiungio kimoja tu, kwenye giaboksi, magurudumu yake hukunjika kwa ndani gari ikinyanyuka, na mjenzi aliyeipandisha nyuma ili ipendeze amezidisha hatari. Irudishe chini kwenye toshenibaa (fimbo za kujisokota zinazofanya kazi ya springi) mpaka magurudumu yasimame wima au yaegemee ndani kidogo kwa juu. Na kama ulishusha upepo hadi paundi 12 au 15 ili upite mchangani, jaza kabla ya kugusa lami.